Chablis Mezani Nairobi: Daraja la Pili Ndilo la Kununua

Mnunuzi wa Nairobi anayetafuta mvinyo mweupe wa Chablis kutoka Ufaransa atakuta madaraja manne kwenye rafu, na maoni yangu, baada ya kuyaonja yote kwa mfululizo jioni moja katika duka la mvinyo la Westlands, ni kwamba daraja la pili, lile linaloandikwa Chablis bila neno jingine la ziada, ndilo linalostahili pesa zake. Petit Chablis, ambalo ni daraja la chini, hapa kwetu linauzwa ghali kuliko thamani yake. Premier Cru, daraja la tatu, ni mvinyo wa kununuliwa kwa nadra na kwa kuchagua sana. Grand Cru, daraja la juu kabisa, ni mzuri mno, lakini chupa tuliyoonjeshwa ilikuwa imefunguliwa miaka kadhaa kabla ya wakati wake, na bei yake ni vigumu kuitetea mbele ya mtu ambaye hana mahali penye ubaridi wa kuihifadhi. Duka lenyewe silitaji kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimeziona pia kwingine jijini, na ningependa msomaji azikague popote anaponunua.

Bei na ladha ya mvinyo huu zote zinatokana na baridi. Chablis ni mji mdogo ulio kando ya mto Serein, katika eneo la Yonne, kilomita zipatazo 180 kusini-mashariki mwa Paris na karibu na digrii 48 kaskazini mwa ikweta. Kisheria ni sehemu ya eneo la mvinyo la Burgundy, lakini ukitazama ramani utaona kwamba mashamba yake yako karibu zaidi na yale ya Champagne ya upande wa kusini kuliko na mji wa Beaune, ulio kitovu cha Burgundy. Mvinyo wenye jina la Chablis hutengenezwa kwa aina moja tu ya zabibu, Chardonnay, ambayo ikikuzwa penye jua jingi hujaa sukari na kutoa mvinyo mzito unaonukia nanasi na embe bivu. Kwenye miteremko ya Serein zabibu hiyohiyo huiva kwa taabu. Asidi yake hubaki juu, sukari yake hupanda polepole, na mvinyo unaopatikana hunukia tufaha bichi, ndimu, na jiwe lililotoka kunyeshewa mvua. Hauna utamu wa sukari hata kidogo. Anayependa mvinyo mtamu hataufurahia, na ni haki yake kuelezwa hivyo dukani kabla hajalipa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaoujua mzabibu kupitia Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuulaza, tunahitaji kuufikiria mmea huu kwa namna nyingine tunapozungumzia Yonne. Huko mzabibu hulala tangu mwisho wa vuli, hupogolewa wakati wa baridi ukiwa hauna jani, na macho yake hufumbuka Machi ikiisha au Aprili ikianza. Hapo ndipo hofu ya mkulima inapoanza, kwa maana chipukizi likishafumbuka limejaa maji, na usiku mmoja usio na mawingu wala upepo unatosha kuliua. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka kutoka vilimani na kujikusanya bondeni kando ya mto, na alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Wakulima wa viazi wa Kinangop na wa majani chai wa Kericho wanaijua jalidi ya namna hii, inayoligeuza shamba zima kuwa jeusi asubuhi moja kana kwamba moto umepita. Tofauti ni kwamba mwenye viazi anaweza kupanda tena mvua ikinyesha, ilhali mzabibu uliopoteza macho yake ya kwanza huchipua mengine yanayozaa haba, na mavuno ya mwaka mzima yanakuwa yamepotea kabla hata ya maua.

Namna wanavyopambana na jalidi hiyo inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa gharama yake imo ndani ya kila chupa. Njia ya kwanza ni moto: makopo ya nta hupangwa kati ya mistari ya mizabibu, mamia kwa kila hekta, na watu huyawasha usiku wa manane kipimajoto kinapokaribia sufuri. Njia ya pili ni maji, na kwa mtu aliyezoea kufikiri kwamba barafu huua mmea, njia hii ni ya ajabu. Mitambo ya kunyunyizia hurusha maji juu ya mizabibu usiku kucha, maji hayo huganda juu ya chipukizi, na katika kuganda kwake hutoa joto kidogo linalolifanya chipukizi libaki karibu na nyuzi sufuri hata hewa ya nje ikishuka chini zaidi. Mitambo haiwezi kusimamishwa mpaka jua litoke na barafu iyeyuke, kwani maji yakikatika katikati ya usiku madhara huwa makubwa kuliko kama shamba lingeachwa bila kuguswa. Karibu na kijiji cha Beine kuna ziwa lililochimbwa na watu kwa ajili ya kazi hiyo. Wengine hutandaza nyaya za umeme zinazopasha joto tawi lenyewe, na wengi huchelewesha kupogoa ili macho yafumbuke siku chache baadaye. Pamoja na juhudi zote hizo, jalidi ya mwaka 1957 iliangamiza karibu mavuno yote, na miaka ya 2016, 2017 na 2021 iliwapiga tena.

Baada ya baridi, jambo la pili ni udongo, na hapa ndipo madaraja yanapopata maana yake. Miteremko bora ya Chablis ina tabaka la chokaa na udongo wa mfinyanzi lililowekwa chini ya bahari yapata miaka milioni 150 iliyopita, linaloitwa kwa jina la kijiji cha Kimmeridge huko Uingereza, ambako tabaka kama hilo linaonekana kwenye majabali ya pwani. Ukiliokota jiwe lake na kulitazama kwa makini utaona ganda dogo la chaza lililopinda kama alama ya mkato, mnyama aliyepewa na wanasayansi jina la Exogyra virgula. Juu ya vilima, ambako upepo ni mkali zaidi, kuna chokaa ngumu ya umri mdogo kidogo isiyo na maganda hayo kwa wingi, na huko ndiko hasa kunakotoka Petit Chablis. Jina la Chablis lilipewa ulinzi wa sheria mwaka 1938, na daraja la Petit Chablis likaongezwa mwaka 1944. Katika miaka ya 1970 ulizuka ubishi mkali kuhusu mipaka: William Fèvre, mkulima na mtengenezaji mashuhuri wa huko, alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwamba jina lisitumike nje ya tabaka la Kimmeridge, na wenzake wengine walitaka mashamba yapanuliwe. Waliotaka upanuzi walipata sehemu kubwa ya walichokitaka. Kwa hiyo neno Chablis kwenye chupa ya leo linafunika ardhi pana yenye ubora usiolingana, na jina la mtengenezaji limekuwa na uzito mkubwa kuliko zamani.

Upanuzi huo wenyewe una sababu yake. Kilimo cha mizabibu huko ni cha kale. Watawa wa Pontigny, abasia iliyoanzishwa mwaka 1114, walikuwa na mashamba Chablis, na kwa karne nyingi mvinyo ulisafirishwa kwa mito hadi Paris. Katika karne ya 19 reli ya kutoka kusini ilileta Paris mvinyo wa bei rahisi, kisha akaja filoksera, mdudu mdogo anayenyonya mizizi ya mzabibu hadi ukafa, na baada yake vita. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 mashamba ya Chablis yalikuwa yamebaki hekta zipatazo 500 tu. Leo yamezidi hekta 5,000. Sehemu kubwa huvunwa kwa mashine, na ushirika wa wakulima uitwao La Chablisienne, ulioanzishwa mwaka 1923, hutengeneza karibu robo ya mvinyo wote wa eneo hilo. Msomaji asione neno ushirika akadhani ni mvinyo duni. Chupa za ushirika huo ni miongoni mwa zile ninazoziamini zaidi katika daraja la kawaida.

Kuhusu utengenezaji nitasema machache. Juisi huchachushwa kwa hamira, kwa kawaida katika matangi ya chuma kisichoshika kutu, kisha hufuata uchachushaji wa pili unaofanywa na bakteria, ambao hugeuza asidi kali inayopatikana katika tufaha bichi kuwa asidi laini kama ile ya maziwa yaliyolala. Mvinyo huachwa juu ya mashapo ya hamira kwa miezi kadhaa, na hapo hupata unene kidogo. Mapipa ya mwaloni hutumika kwa uangalifu, hasa katika madaraja ya juu, na mara nyingi ni mapipa ya zamani yasiyotoa harufu ya mbao. Watengenezaji wa Chablis wanaojiheshimu hawataki mbao isikike kuliko zabibu, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Sasa nije kwenye bilauri zenyewe. Petit Chablis tuliyoanza nayo ilikuwa ya mwaka 2022, mwaka wa joto na wa mavuno mazuri. Ilikuwa safi, yenye ndimu nyingi na harufu ya maua meupe, lakini ilipita kinywani haraka na kutoweka. Hakuna kosa ndani yake. Ni mvinyo wa kunywewa ukiwa mchanga, mchana wa jua, bila kuufikiria sana, na kama ungeuzwa nusu ya bei ya Chablis ya kawaida ningeupendekeza kwa moyo wote.

Hauuzwi nusu ya bei, na sababu yake ni hesabu ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi. Nauli ya meli, gharama za bandari ya Mombasa, usafiri wa kuja Nairobi na stempu ya ushuru ni karibu zilezile kwa chupa ya bei nafuu na kwa chupa ya bei ghali, kwa sababu chupa zote zina ujazo mmoja. Ushuru wa bidhaa wa Kenya kwa mvinyo nao haufuati bei ya chupa. Hutazama wingi wa kinywaji na kilevi kilichomo. Vinavyofuata thamani ni ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Matokeo ni kwamba tofauti ambayo kule Ufaransa ni kubwa kwa asilimia, hapa hupungua sana: katika duka hilo kati ya Petit Chablis na Chablis haikufika noti moja ya shilingi mia tano. Anayechagua daraja la chini ili kubana matumizi anaokoa kidogo sana na kupoteza mengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya alicholipa imekwenda kwenye safari na kodi, na iliyobaki ndiyo iliyonunua mvinyo.

Chablis ya kawaida ilikuwa ya mwaka 2021, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka huo jalidi ya Aprili ilipunguza mazao vibaya, kisha majira ya kiangazi yakawa ya mvua na magonjwa ya ukungu, na zabibu zilizookoka ziliiva polepole zikiwa na asidi nyingi. Wauzaji wengi huusemea mwaka 2021 kwa kusitasita. Mimi naupenda kuliko miaka ya joto. Bilauri ilinukia ngozi ya ndimu na tufaha la kijani, kisha, baada ya mvinyo kupata hewa, ikatoka harufu ya ganda la chaza na chumvi hafifu ya ufukweni wakati maji yamekupwa. Kinywani ulikuwa na ukali unaofanya mate yatoke kando ya ulimi, na baada ya kumeza ladha yake ilibaki kwa muda mrefu, ikiwa imenyooka, bila utamu wa kuificha na bila mbao. Ubaridi wa Aprili, usiku wa makopo ya nta, na zabibu iliyochelewa kuiva vinaonjeka humo waziwazi. Ukali huu hupatikana kwa shida katika mivinyo mingi myeupe ya nchi zenye jua, na Chablis ikiukosa haina sababu ya kusafirishwa mpaka hapa.

Premier Cru ilikuwa ya Montmains, mwaka 2020. Ni vyema kujua kwamba mashamba ya daraja hili yamegawanyika pande mbili za mto: ya ukingo wa kushoto, kama Montmains na Vaillons, huwa na mvinyo mwembamba na mkali zaidi, na ya ukingo wa kulia, kama Fourchaume na Montée de Tonnerre, huwa na unene na uzito. Sheria pia hupunguza kiasi kinachoruhusiwa kuvunwa kadiri daraja linavyopanda. Montmains hii ilikuwa na kina ambacho Chablis ya kawaida haikuwa nacho, yenye harufu ya majani makavu na asali iliyokuwa ikianza tu kujitokeza, na ilizidi kuwa nzuri kadiri ilivyokaa kwenye bilauri. Ningeinunua kwa siku ya arusi ya ndugu wa karibu. Kwa chakula cha Jumapili nyumbani, bei yake, iliyokaribia mara mbili ya daraja la pili, ni kubwa mno.

Grand Cru ilitoka Les Clos, shamba kubwa kuliko mengine katika kilima kimoja cha ukingo wa kulia kinachotazama kusini-magharibi. Mashamba ya daraja hili ni saba, mengine yakiwa Blanchot, Bougros, Grenouilles, Preuses, Valmur na Vaudésir, na yote kwa pamoja yana hekta zipatazo mia moja tu. Mteremko huo hupokea jua la alasiri, na katika nchi ya baridi saa chache za jua la ziada hutenganisha zabibu iliyoiva kamili na ile iliyoiva nusu. Chupa ilikuwa ya mwaka 2022. Nguvu ilionekana, uzito ulionekana, lakini harufu ilikuwa bado imejifunga, na mtu asiye na uzoefu angeweza kudhani kwamba Chablis ya kawaida ndiyo bora. Mvinyo wa Les Clos huhitaji miaka kumi, pengine zaidi, kabla haujafunguka. Kuufungua hivi mapema mbele ya wateja waliolipa ni kuwanyima kile walichokilipia, na duka lingefanya vyema zaidi kama lingetafuta chupa ya zamani au kuiacha Grand Cru nje ya ratiba na kupunguza ada.

Kuhusu huduma nina sifa na malalamiko. Sifa kubwa ni ya binti aliyetuhudumia, aliyejua anachokisema na hakutumia maneno makubwa kuficha mambo. Petit Chablis ilipomiminwa, aliniona nikiinua bilauri mara moja akaniambia, "Mama, usiihukumu kwanza ikiwa baridi hivyo. Ishikilie mkononi kidogo, ndipo uonje." Alisema kweli. Chupa zilikuwa zimetolewa kwenye friji ya vinywaji vya kawaida, iliyo na ubaridi wa soda, ilhali Chablis inafaa kunywewa katika nyuzi 10 hadi 12 hivi. Ikiwa baridi zaidi ya hapo harufu hufungika na hubaki ukali mtupu. Kosa hili limeenea Nairobi, hata katika mikahawa ya bei ghali inayoitumbukiza chupa kwenye ndoo ya barafu na kuiacha humo mlo mzima. Nyumbani, chupa itolewe kwenye friji robo saa au nusu saa kabla ya kunywewa.

Malalamiko ya kwanza ni dirisha. Chupa kadhaa za Chablis zilikuwa zimesimamishwa kama pambo mahali panapopigwa na jua la jioni, na nilipouliza niliambiwa kwamba nazo ni za kuuzwa. Nairobi iko juu, kwenye mita zipatazo 1,700, na hali yake ya hewa ni ya neema kwa mvinyo kuliko ya Mombasa, lakini kioo kinachopokea jua kila siku huharibu mvinyo mweupe hata Limuru. Malalamiko ya pili ni orodha ya bei. Kwenye karatasi Chablis iliandikwa mwaka 2020, na chupa iliyomiminwa ilikuwa ya 2021. Mimi nilifaidika, kama nilivyoeleza, lakini kwa mvinyo wa nchi ya baridi mwaka wa mavuno ni sehemu ya bidhaa: 2018 ulikuwa na joto na mavuno mengi, na mvinyo wake ni laini na mnene, 2020 una uwiano mzuri wa uivu na asidi, 2021 ni mwembamba na mkali. Anayelipia mmoja akapewa mwingine amepewa kitu tofauti. Meneja alipoelezwa aliirekebisha karatasi palepale, na nampongeza kwa hilo. Bilauri nazo zilikuwa ndogo, zilizojazwa karibu na ukingo, hivi kwamba haikuwezekana kuzungusha mvinyo ili harufu itoke.

Jambo ambalo mnunuzi hana budi kuliuliza, na ambalo duka hilo lililijibu vizuri, ni jinsi mvinyo ulivyosafiri. Mzigo kutoka Ulaya hukaa baharini kwa wiki kadhaa, kisha husubiri Mombasa katika joto ambalo ndani ya kontena la kawaida huzidi sana lile la nje. Niliambiwa kwamba mwagizaji wao hutumia makontena yenye ubaridi kwa mvinyo mweupe wa Ufaransa, na chupa tulizoonja zilithibitisha hivyo. Mvinyo uliopikwa na joto una dalili zake: kizibo kilichosukumwa juu kidogo, unato wa mvinyo uliovuja chini ya kifuniko, rangi ya dhahabu nzito kwenye chupa changa, na harufu ya tufaha lililopondeka. Ukiona mojawapo usinunue. Kagua pia stempu ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwenye kila chupa, unayoweza kuisoma kwa programu ya Soma Label kwenye simu, na usome lebo yenyewe, kwa maana jina la Chablis limewahi kubandikwa katika nchi nyingine, Marekani ikiwemo, kwenye mvinyo ambao haukuwahi kuuona mto Serein. Chupa halali lazima ioneshe kwamba ni zao la Ufaransa na kutaja jina lililolindwa, na jina la aliyeijaza.

Chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya kuonja kilikuwa sambusa za nyama zenye pilipili, na chaguo hilo halikufaa hata kidogo. Pilipili huongeza ukali wa mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, mpaka ukachoma, na kitunguu kibichi cha kachumbari huua harufu yote. Chablis ni mvinyo wa vitu vya baharini. Chaza wa Kilifi wanaoletwa Nairobi wakiwa hai, waliofunguliwa na kukamuliwa ndimu, ni mwenzi wake wa kwanza, na changu au tafi aliyechomwa kwa chumvi na ndimu bila viungo vingi ni wa pili. Ngege wa kukaangwa anafaa pia, kwa sababu asidi ya mvinyo hukata mafuta. Samaki wa kupaka ana tui zito na ukwaju, akihitaji mvinyo wenye mwili zaidi. Hapo Premier Cru ya ukingo wa kulia ndiyo ningeitafuta. Jibini la mbuzi linalotengenezwa na wafugaji wa nyanda za juu linaelewana nao vizuri sana. Nyama choma iachiwe mvinyo mwekundu.

Kwa atakayekwenda dukani hapo au kwingine mwezi huu, ushauri wangu ni kuomba Chablis ya kawaida ya mwaka 2020 au 2021, iliyolazwa kwenye rafu ya ndani iliyo mbali na kioo, na kuinywa katika kipindi cha mwaka mmoja au miwili. Mavuno ya 2024 yalipigwa na jalidi ya Aprili, mvua ya mawe ya tarehe 1 Mei na ukungu wa kiangazi, na mvinyo wake ni mchache. Hivyo sitarajii bei ya daraja hili ishuke hapa Nairobi, na duka lilikubali kumwekea mteja sanduku la chupa sita za mwaka 2021 kwa malipo ya awali hadi mwisho wa mwezi.